Nipo, Aliyezifundisha Mashine Kuitika

Marehemu, ambaye ukoo mzima na hata manesi wa mbali walimwita Nipo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, kitinda mimba wa fundi baiskeli na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba yake. Alitembea mapema, akasema mapema, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1976, na jina hilo lilianzia hapo. Kwa hamu ya shule, mwalimu hajaweka hata mkoba mezani, yeye ameshapaza sauti: "Nipo!" Mahudhurio yalipoitwa alinyamaza, maana kwa hesabu yake alikuwa ameshajibu. Akaandikwa hayupo wiki nzima, hadi baba yake akaitwa shuleni kuelezwa habari za mtoto mtoro aliyekaa dawati la mbele. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye marehemu alisomea uhandisi wa elektroniki, akahitimu mwaka 1993.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta ndogo, za ukubwa wa kiganja, za kulinda majokofu ya chanjo katika zahanati: joto likipanda, king'ora kinalia. Zilikuwa na ugonjwa mmoja. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta iliamka lakini haikusoma joto, kwa sababu kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiwezesha kuelewana na kipimajoto, hakikupakiwa. Ilibidi mtu aandike amri kwa mkono. Manesi walimpigia simu, naye aliwasomea amri herufi kwa herufi huku chakula chake kikipoa. Miaka nenda rudi alikilaumu kiendeshi, akakiandika upya. Kila alipokijaribu mwenyewe kilikubali. Umeme ukikatika tu, simu inaita tena. Jambo hilo lilimnyima raha kweli, kwa kuwa chanjo zile zilikuwa za watoto wachanga.

Tarehe 6 Septemba 1997 aliolewa na fundi cherehani, mtu mpole aliyekuwa na adui mmoja tu duniani: simu ya mkewe. "Hiyo ndiyo iliyokuoa, mimi nimekaribishwa tu," alikuwa akimtania. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Aliogopa, na alisema waziwazi anachokiogopa. "Mimi nikiondoka, watampigia nani?" alimwuliza mumewe. Siku moja mumewe, akimtandikia kitanda, alimchokoza kwa kisa kile cha utoro. Marehemu akaketi wima.

"Ngoja, baba. Rudia hapo."

"Wapi? Pa kusema nipo kabla mwalimu hajakaa?"

"Hapo hapo! Kipimajoto kinajitaja mapema mno, kompyuta haijaamka vizuri kukisikia, basi haipakii kiendeshi chake. Mimi nikija kuandika amri, imeshaamka. Ndiyo maana kwangu kinakubali!"

Kumbe kiendeshi hakikuwa na kosa lolote. Aliomba kompyuta yake, akaongeza agizo fupi: ukishaamka kabisa, vitake vifaa vyote vijitaje upya, kisha pakia kiendeshi cha kila kimoja. Binti mkubwa, ambaye ni fundi umeme, alizunguka zahanati zote kuliweka.

Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023 simu yake iliita wodini alikolazwa. Mumewe aliipokea kwa ukali. "Nesi, mwenzangu amechoka. Naomba mumwache."

"Sina shida, kaka," nesi alijibu. "Umeme umekatika, umerudi, na mashine inasoma joto yenyewe. Mwambie dada sijagusa kitu."

Alimwambia. Marehemu alifumbua macho. "Imeitika?"

"Imeitika, mama."

Alitabasamu. Jioni hiyo alifariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka yake mkubwa, na manesi wengi ambao hawana tena sababu ya kumpigia simu, ila leo wangetamani sana kumpigia. Jina lake limesomwa hapa, naye kanyamaza. Asiandikwe hayupo. Ameitika mapema tu, kama kawaida yake.

Pumzika kwa amani, Nipo.