Bi Pasi na Picha za Fataki

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za mchana kutwa. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetutoka Jumatatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Mji mzima ulimwita Bi Pasi. Kwa miaka thelathini na miwili alipiga pasi mashuka ya hospitali, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Alistaafu akiwa na miaka sitini. Na alipofika sitini na mitatu, umri ambao wenzake wanajifunza kukaa, yeye akajifunza kupiga picha. Si picha za harusi. Si picha za wajukuu. Alijifunza kupiga picha za fataki.

Nirudie, kwa aliyefungua redio sasa hivi. Mpiga pasi mstaafu, miaka sitini na mitatu, hajawahi kushika kamera, anataka kupiga picha za fataki.

Na mjue tangu mwanzo kwamba fataki zenyewe alizidharau. Aliziita kikohozi cha mji. Watu wakijaa uwanjani midomo wazi, yeye alikuwa nyumbani anafunga madirisha, akisema watu wazima na akili zao wametoka kwenda kutazama moshi. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa hisabati, aliniambia hivi: "Mama hakuwa mtu wa matusi. Alikutazama tu kama shuka lililopigwa pasi vibaya. Ukajua hesabu yako."

Sasa, kilichomtoa ndani ni mdogo wake.

Mdogo wake huyo, tumbo moja, wengi mnamjua kwa jina la Baruti. Ndiye aliyerusha fataki za mji huu kwa miaka ishirini na sita. Ana vidole vinane. Viwili vilibaki kazini. Na kuna jambo ambalo mimi na wewe, tuliokuwa tukipiga makofi pale chini, hatukuwahi kulifikiria. Baruti hakuwahi kuziona fataki zake. Hata mara moja. Mrusha fataki haangalii juu. Akishawasha utambi anajikunyata nyuma ya magunia ya mchanga, kofia ngumu kichwani, macho kwenye mabomba ya kurushia. Anahesabu lililolia na lisilolia. Lisilolia ndilo linaloua watu. Kwa hiyo mji ulitazama juu, na yeye alitazama chini, miaka ishirini na sita. Halafu alipitia kwa dada yake ananuka kiberiti, akamuuliza zilikuwaje. Dada yake alimjibu kwamba zilikuwa na kelele.

Kisha kikaanza kikohozi cha kweli. Daktari alimpima Baruti mapafu, akasema vumbi la baruti limefanya makao, na akamkadiria mwaka mmoja. Dada na mdogo wake wakatoka, wakakaa kwenye benchi la korido. Bi Pasi alitarajia kilio. Alichosikia ni hiki, na Baruti mwenyewe amekikumbuka neno kwa neno: "Dada, nimefanya kazi ya kupigiwa makofi maisha yangu yote, na sijui inafananaje."

Wiki ile ile Bi Pasi alinunua kamera ya mtumba kwa fundi saa, akauliza wapi watu wanafundishwa.

Akaelekezwa kwenye chama cha wapiga picha. Wasikilizaji wapendwa, nitasema polepole ili nisikosee. Chama hicho kilikutana Jumamosi katika chumba cha juu cha maktaba. Wanaume saba, lenzi ishirini. Walivaa vizibao vyenye mifuko mingi, kana kwamba wanakwenda kuwinda simba, na sijapata kuwaona wakiwinda chochote zaidi ya jua likizama. Mwenyekiti wao alikuwa daktari wa meno, mtu ambaye alikutajia lenzi yake kabla ya kukutajia jina lake. Debe tupu, lakini debe lenye mkanda mzuri wa kuvalia shingoni.

Bi Pasi alipoeleza anachotaka, mwenyekiti aliwageukia wenzake kwanza, kuhakikisha wanamsikia. Kisha akasema, "Mama, kupiga pasi na kupiga picha si kupiga kumoja."

Wakacheka. Yeye akavuta kiti, akakaa.

Mwezi huo kulikuwa na fataki za kufunga michezo ya mji. Bi Pasi alikwenda, kamera mkononi, flashi inawaka. Ndiyo, flashi. Alikuwa anaimulika mbingu kama mtu anayetafuta sindano chini ya kitanda kwa njiti ya kiberiti. Alipiga picha sitini. Alipata visogo vya watu. Alipata moshi mweupe. Na zile chache zilizoshika moto zilitoka kama minyoo myekundu, maana mikono ilitikisika.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti aliziomba, eti kwa mafunzo. Akazitupa ukutani kwa projekta, moja baada ya nyingine. Mmoja akauliza kama hizo ni picha za tumbo la mgonjwa. Bi Pasi alisubiri wamalize kufuta machozi ya kicheko, akauliza swali la mwanafunzi yeyote: kosa liko wapi? Mwenyekiti akamjibu, "Kosa ni kuanza."

Alichukua kamera yake, akawaaga mmoja mmoja kwa mkono. Binti yake alikuwa anamsubiri chini ya ngazi. Anakumbuka mama yake aliposhuka alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Watu saba, na hakuna anayejua." Maana alikuwa amewasoma. Mtu anayejua hujibu. Asiyejua ndiye anayecheka.

Sasa sikilizeni aliyejua ni nani. Siku chache baadaye alimpeleka mdogo wake kupigwa picha ya kifua. Yeye na fundi wa eksirei walifahamiana tangu enzi za mashuka. Akamwonyesha zile picha za minyoo. Fundi hakucheka. Aliziangalia kama anavyoangalia mifupa, akasema jambo dogo tu: ile fataki yenyewe ni taa, haihitaji kumulikwa. "Fungua mlango wa mwanga wa kamera," alimwambia, "uuache wazi, na usiguse kitu. Moto utajichora wenyewe. Ukizimika, funga. Ni kama kazi yangu, Bi Pasi. Mgonjwa akitulia, nimemaliza."

Maneno hayo mafupi, chama kizima kilishindwa kuyatoa.

Basi nyumba ikageuka darasa. Mapazia yalifungwa saa kumi na mbili jioni. Binti yake, mwalimu mzima wa hisabati, alisimama mwisho wa korido akizungusha tochi hewani, huku mama yake akihesabu sekunde. Wiki ya kwanza picha zilitoka nyeupe tupu. Wiki ya pili zilitoka na duara, lakini duara lina mawimbi. Akagundua kwamba kidole chake ndicho kinachoitikisa kamera kila anapobonyeza, akanunua waya mrefu wa kubonyezea akiwa mbali. Akagundua pia kwamba gizani kamera inahangaika kutafuta pa kuangalia. Akaitoa nje mchana, akailenga kwenye tangi la maji lililo mbali, picha ilipokaa sawasawa akaigandisha lenzi kwa plasta ya hospitali, isisogee tena. Na stendi yake ya miguu mitatu ilipoonekana nyepesi, ikitetemeka kwa upepo, aliining'inizia chini pasi yake ya zamani ya chuma. Ikatulia kama nguzo.

Mdogo wake alifanya sehemu yake. Alimchorea karatasi: bomba la kwanza, la pili, la tatu, lipi linapanda juu sana, lipi linatawanyika chini. Alimwambia kabla ya kila ua la moto kufunguka angani kuna mdundo ardhini, na kwamba akiusikia ndio afungue. Tena akamwambia asimame upepo ukimpiga mgongoni, moshi uende kwa wengine.

Miezi minne ikapita. Sikukuu ya mji ikafika. Baruti alikuwa amekonda, lakini alisema atarusha, na hakuna aliyemkatalia. Bi Pasi alifika uwanjani jua likiwa bado lipo, akasimama nyuma ya goli la kaskazini, upepo mgongoni. Chama cha wapiga picha kilikuwa upande wa pili, kwenye jukwaa la wageni, kwenye viti vyenye vitambaa.

Mwenyekiti alipita karibu. Aliiona pasi inaning'inia. Akaipiga picha, akawaonyesha wenzake. Bi Pasi, na hili ndilo linalonionyesha alikuwa mtu wa namna gani, alimwambia ukweli ambao hakustahili kuambiwa. Alimwambia upepo unakwenda kwao. Mwenyekiti akamjibu kwamba jukwaa la wageni lilichaguliwa na wanaojua.

Saa moja na nusu mdundo wa kwanza ukalia. Bi Pasi akafungua, akahesabu, akafunga. Mdundo, akafungua. Hakutazama juu sana, kama mdogo wake tu. Alikuwa anasikiliza ardhi. Ng'ambo, moshi ulikuwa umeshuka jukwaani kama neti ya mbu, na wale wataalamu saba wakakohoa dakika kumi na mbili mfululizo na kupiga picha ishirini na moja bora kabisa za ukungu.

Yeye alipiga thelathini na nane. Kumi na moja zilikuwa nzuri. Moja ilikuwa zaidi ya nzuri. Ua la dhahabu limefunguka angani likiinamia uwanja mzima, kila uzi wake umenyooka kuanzia juu hadi unapozimika. Na chini kabisa, pembeni, mtu mmoja mdogo amejikunyata nyuma ya magunia, kofia kichwani, anatazama ardhi.

Alizipeleka hospitali siku ya tatu, zimesafishwa kwa ukubwa wa sahani. Baruti alikuwa amelazwa. Alizishika moja moja kwa vidole vyake vinane. Kisha akasema, "Kumbe zinafunguka." Akaendelea. Akasimama kwenye moja, akalalamika kwamba bomba la tatu lilichelewa. Akafika kwenye ile ya dhahabu. Akauliza yule mtu wa chini ni nani.

"Ni wewe," dada yake akamwambia. "Na juu yako ni kazi yako."

Wauguzi wanasema hicho ndicho kilio cha pekee walichosikia wadi hiyo ambacho hawakukimbilia kukituliza.

Ningependa niishie hapo, lakini kuna watu hawajui kuachia kizuri kipite. Habari zilifika maktaba. Mwenyekiti akaja na tabasamu la meno yake yote kuomba ile picha kwa maonyesho ya chama. Bi Pasi akampa. Siku ya ufunguzi alikwenda na gauni lake la kitenge, akaikuta ukutani katikati. Chini imeandikwa: Kazi ya Chama. Na ule upande wa chini ulikuwa umekatwa. Mtu yule hakuwepo. Mwenyekiti alimweleza mbele ya wageni, kwa upole ule wa kumweleza mtoto, kwamba yule mtu alikuwa anaichafua picha.

Bi Pasi aliitungua ukutani. Alimwambia, "Hujui kupiga pasi, hujui kupiga picha. Naona mkasi ndio wako." Akaiweka kwapani, akatoka.

Jana, wasikilizaji wapendwa, chama kile kimetuletea barua ya rambirambi, wanaomba isomwe hewani. Inaanza hivi: "Tumempoteza mwanachama wetu mpendwa, tunda la malezi yetu." Naishia hapo. Karatasi iliyobaki ni nzuri, ina nembo ya rangi, na itatufaa kufungia vitafunwa.

Lakini nisijifanye malaika. Baada ya maonyesho yale, miaka minane iliyopita, aliyemwalika mwenyekiti katika studio hii kuzungumzia picha za fataki ni mimi. Nilimwita gwiji. Nilimpa nusu saa. Kesho yake Bi Pasi alikuja hapa mapokezi, na bahasha. Aliniwekea picha nzima mezani, pamoja na mdogo wake pale chini. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama redio inaweza kumwalika Baruti, azungumze mwenyewe, kwa sababu daktari amempa mwaka na miezi imekwenda. Nilimwambia nitampigia. Aliniangalia, na sasa naelewa nilikuwa shuka la namna gani.

Sikupiga.

Daktari alikosea. Kikohozi hakikumuua Baruti. Kipo naye, wamezoeana, ana miaka sitini na minane. Aliyeondoka ni dada yake, moyo ulisimama akiwa mezani na kikombe cha chai. Nilimkuta Baruti Jumatano makaburini. Nikamwambia ningependa aje redioni. Akaniambia, bila ukali, "Ungekuja mapema. Nilikuwa na mengi ya kusema akiwa anasikiliza."

Kwa Baruti, kwa mwalimu wetu wa hisabati na wanawe, kwa akina mama wa chumba cha mashuka na fundi wa eksirei: poleni sana. Kazi ya Mola haina makosa. Makosa ni yetu. Bi Pasi apumzike pema.

Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu ulimwambia utampigia. Unamjua, ameshakujia kichwani. Muziki niliouandaa hauna haraka. Zima redio, mpigie.