Kadi ya Lifti ya Tatu

Sogeeni karibu, wanangu. Nimewaita niwagawie kilicho changu, lakini kwanza nataka mniambie alichosema daktari kule nje ya mlango, maana tangu mrudi mnacheka kupita kiasi, na wewe kitindamimba hujawahi kunipangia mto vizuri namna hii.

Miaka thelathini na minane nimekagua lifti. Siku moja goti lilinivimba, nikasaini kadi ya ukaguzi ya lifti ya tatu nikiwa nimekaa chini kwa mlinzi, nikaandika kwamba kamba za chuma zinazoibeba nimeziona. Kesho yake nikapanda nikichechemea mpaka chumba cha mashine, nikazikuta kamba nzima, hata uzi mmoja haujakatika. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyejua. Lakini nilikaa sakafuni, nikajiuliza: kila fundi akisaini kama mimi, nani ataiamini kadi tena? Uongo wangu uliaminika kwa kuwa wenzangu walisema kweli. Na swali lile hakuniuliza bosi wala mtu yeyote. Lilitoka humu kichwani mwangu, mimi niliyeishia darasa la saba, likaniamuru nisirudie tena, wala halikunibembeleza. Nilishangaa, wanangu. Mpaka leo nashangaa.

Yule mpangaji wa ghorofa ya juu aliyeniita mwizi mbele ya mama yenu, sikumpenda hata chembe, lakini breki za lifti yake nilizikaza sawasawa na za watu wote. Wajibu haukuniuliza kama nampenda.

Nyumba ni yenu wote, asiiuze mmoja peke yake. Mkoba wa spana ni wa dada yenu aliyenifuata kazini, na asisaini asichokiona kwa macho yake.

Nipeni maji kidogo... Huruma yenu naiona. Lakini mkinificha, mnaniamulia mambo yangu kama mtoto, na akili ninayo bado. Wewe mkubwa, niambie. Sikusikia, mwanangu, sema kwa sauti... Wiki hii?

Ahsante. Lia tu, ni sawa. Umeniheshimu, na Mungu akuheshimu wewe na wenzako, awape... awape nyumba zenye amani. Sasa nendeni mkamwite mdogo wangu, leo hii. Miaka tisa nimemnunia bure. Nilipanga nikishapona... ndipo nimwombe radhi.

Mngenificha, mngeniacha nisubiri kupona.