Fomu ya Mwalimu Felisa na Wasimamizi Arobaini na Wanane

Benchi langu linatazamana na lango la chuo, na wote hapa wananiita Lola, yaani bibi. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini huu mwaka wa thelathini na moja nawamiminia kahawa maprofesa, na sijaona hata mmoja anayepuliza kikombe tofauti na dereva. Kahawa yenyewe ni barako, ile chungu ya kwetu Batangas, kusini mwa Manila; ukiinywa asubuhi, jina la mkeo unalikumbuka mchana. Ijumaa hiyo walikuwapo wawili wangu wa kila siku. Mmoja tunamwita Meya, dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu. Aligombea udiwani akapata kura kumi na moja, na nyumbani kwake peke yake wapiga kura ni kumi na wanne. Mwingine ni Profesa, mlinzi mstaafu wa lango hilo hilo. Amekagua mikoba ya wasomi miaka mingi, basi anaamini elimu ilimwingia kwa viganja. Saa nne hivi akatoka Mwalimu Felisa wa kemia, fomu mkononi, uso kama kameza ndimu nzima.

— Lola, nipe nyeusi. Na sumu kama ipo.

— Sumu imeisha jana, nikamwambia. Kaa, mwanangu. Kuna nini?

— Yale mafunzo ya uongozi. Wanachukua walimu wa makamo kama mimi, tulio katikati ya safari, wanatunoa mwaka mzima. Nimechaguliwa.

— Sasa kilio cha nini? akauliza Meya. Si ndiyo wale wa mwaka jana walipelekwa hotelini mlimani wakajenga minara ya tambi kavu?

— Ndiyo hao.

— Na mwenye mnara mrefu akawa mkuu wa idara!

— Basi kiongozi ni fundi tambi, akasema Profesa. Nilijua tu. Mchagua jembe si mkulima.

— Hilo jembe limeingiaje hapa, mzee?

— Litaingia, subiri.

Felisa akaitandaza fomu juu ya benchi. Kila anayeingia lazima awe na mlezi, profesa mkubwa kuliko yeye, wa kumshika mkono mwaka mzima. Mlezi asaini kabla ya saa sita mchana. Bila saini, nafasi inakwenda idara nyingine.

— Na mwakani nitakuwa nimepita umri, akasema. Ni leo au basi tena.

— Humo ndani wakubwa wamejaa kama dagaa, akasema Meya. Kamata mmoja.

— Someni hapo chini.

Profesa akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

— "Mlezi asiwe ndugu, wala mkwe, wala msimamizi wa ndoa, wala mtu yeyote aliyeunganishwa na mhusika kwa ubatizo wa mtoto."

Nikaweka upawa chini. Harusi ya Felisa nilikuwapo, nilipika wali.

— Mwanangu, ulikuwa na wasimamizi wangapi vile?

— Arobaini na wanane.

— Na walikuwa...

— Chuo kizima, Lola. Mama alisema tukimwacha mmoja atanuna mpaka kaburini.

— Waliobaki? akauliza Meya.

— Waliobaki nimewabatizia watoto.

— Mkuu wa fizikia?

— Mapacha wake.

— Yule mkali wa hesabu, hana mtoto, hana rafiki, hana hata paka?

— Alimsimamia mwanangu wa pili. Kanisani alilia kuliko mtoto.

Meya akavua kofia kama yuko msibani. Huku kwetu ukishamsimamia mtu mtoto kwenye ubatizo, mmekuwa kumpare, na mwanamke kumare, ndugu mpaka kufa, na aliyeandika ile fomu lazima alikuwa mtu wa mbali sana.

— Dawa ipo, akasema Profesa. Vunja ndoa.

— Nini?

— Ndoa ikivunjika, wasimamizi wanasimamia nini? Wanabaki wamesimama tu. Unawapata wote arobaini na wanane, wapya kabisa!

— Nchi hii haina talaka, Profesa.

— Basi mumeo aje akae kwangu mpaka saa sita, tuone kama sheria itagundua.

— Acha upuuzi! akafoka Meya. Dawa ni yule mwanzilishi wa chuo, pale bustanini.

— Yule sanamu?

— Ana cheo, ana umri, hana ndugu mjini. Mkutano hajachelewa hata mmoja.

— Atasainije?

— Tunampaka wino dole gumba. Wewe leta karatasi tu.

— Na akiniona nimekosea atanionyaje?

— Huoni alivyonyoosha kidole?

Profesa akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikiliza mwanafunzi mzito.

— Wahenga walishamaliza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Andika hapo kwenye mlezi: Ulimwengu.

— Na saini?

— Chora duara.

Felisa akacheka, halafu kicheko kikageuka, nikampa kitambaa changu cha kufutia vikombe. Saa tano ilikuwa imekwisha pita.

Ndipo akavuka barabara mwanamume wa miaka sitini na kitu, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Akaomba kahawa kwa lafudhi ya kaskazini. Profesa akamtazama kama mkoba unaotakiwa kukaguliwa.

— Shikamoo, bwana. Mgeni?

— Marahaba. Nimehamia Jumatatu, kutoka Ilocos. Dokta Wenceslao, nafundisha udongo na kilimo.

Tukatazamana. Meya akamsogezea kiti, halafu akamfutia, halafu akakisogeza tena.

— Una ndugu mji huu? akauliza Profesa.

— Sina.

— Umeoa huku?

— Nimefiwa na mke. Yuko Ilocos, kaburini.

— Pole sana. Vizuri sana. Umewahi kumbatiza mtoto yeyote kusini mwa Manila?

— Lola, akaniuliza mgeni, hapa kahawa inatolewa kwa kiapo?

Felisa akamweleza yote, mkono umeshikilia fomu isipeperuke. Dokta Wenceslao akasoma mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

— Nitasaini, akasema. Ila kwanza niambie, unataka nikusaidie nini?

Felisa akakisukuma kikombe pembeni.

— Nimefundisha miaka ishirini na moja, Dokta. Tangu nianze, hakuna aliyekaa nyuma ya darasa langu akaniambia, hapa umekosea. Wote wananipenda mno. Mimi ni kumare wao.

— Basi hilo tutalifanya. Nipe kalamu.

Weee! Meya akaruka. Nikamimina kahawa ya bure, jambo ambalo sijalifanya tangu kimbunga. Felisa kichwa kiko ndani ya mkoba, anatafuta kalamu, anatoa funguo, anatoa chaki, anatoa biskuti. Na Meya, kwa furaha ile, akamkumbatia mgeni shingoni.

— Dokta, wewe ni mtu! Jumapili mjukuu wangu anabatizwa. Baba wa ubatizo wa pili amepata safari. Simama wewe!

— Mimi? Hata hamnijui.

— Ndiyo sifa yako!

Mgeni akaweka kikombe chini. Hata kwao Ilocos ukimkataa mtoto umemtakia mabaya.

— Nimekubali, akasema, wakashikana mikono. Felisa akainuka na kalamu. Dokta akaipokea, akaitafuta mistari ya saini, akauliza tu, kwa uungwana wake:

— Na mama wa ubatizo ni nani, nijue nitasimama na nani?

Mimi nilikuwa nakoroga sufuria isiyo na kitu. Profesa alikagua viatu vyake. Felisa alifumba macho.

— Aa, akasema Dokta Wenceslao.

— Tumtoe Felisa? akanong'ona Profesa.

— Jina limesomwa kanisani, nikasema. Na sura yake iko kwenye bango la ubatizo, kubwa kuliko ya mtoto.

— Na neno langu nimeshalitoa, akasema Dokta, kalamu ikining'inia hewani. Mtoto simkatai.

Ilikuwa saa sita kasorobo. Felisa akaanza kuikunja fomu, mara moja, mara mbili.

— Kunjua, akasema Meya.

— Wacha, Meya.

— Nimesema kunjua! Maji hayajamgusa bado, kwa hiyo hapa hakuna kumpare wala kumare. Mafunzo ni mwaka? Basi mtoto atasubiri mwaka. Hata Yesu alibatizwa ana miaka thelathini, na aliongoza vizuri tu.

— Na nguruwe wa sherehe? akauliza Profesa.

— Huyo ndiye atakayefurahi kuliko wote.

Dokta akasaini. Felisa akaivuka barabara mbio, viatu mkononi. Meya akatoa simu, akaitazama kama kura zake zile kumi na moja, akabonyeza.

— Haloo, binti yangu... Umekaa au umesimama?