Misumari na Miaka ya Kumngoja Mkunga

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Misumari.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa pili wa seremala, akamaliza shule ya msingi, na mwaka 1973 akaingia karakana ya makochi, ambako alizoea kubana misumari midogo midomoni huku mikono ikivuta kitambaa, jina likamganda hapo hapo.

Mwaka 1982 alimwoa mkunga, wakajaliwa mabinti wawili, lakini kazi ya shemeji ilimpeleka hospitali za mbali, uhamisho juu ya uhamisho, akawa anakuja mwisho wa mwezi tu, na kaka akabaki na watoto, akiwasuka nywele vibaya hadi mwalimu akamwita shuleni. Kila siku ya shemeji kufika, kaka alifunga kazi mapema, akaoga, akakaa barazani akitazama njia, na hapo hakubanduka hadi amwone.

Shemeji alistaafu Juni 2019, akarudi moja kwa moja. Haukupita muda mrefu, wakinywa chai, akamwambia, "Baba watoto, chai inakumwagikia." Kaka hakuwa amehisi chochote, kidevu kilikuwa kimekufa ganzi, akacheka, akasingizia misumari. Jino lililodhaniwa ndilo chanzo liling'olewa, ganzi ikabaki, maumivu yakazidi, ndipo daktari wa meno alipoingiwa na shaka na kumpeleka kwenye vipimo, ikaonekana ni saratani ya tezi dume, iliyokwisha kusambaa hadi mfupa wa taya.

Dawa zilimpa nafuu karibu miaka miwili, kisha taya likakaza, kusema kukawa kazi, na shemeji akamsihi anyamaze apumzike. Akamjibu, "Miaka yote hiyo hukuwepo niongee nawe, leo uniambie ninyamaze?" Akaendelea kumsimulia, neno moja moja, mambo ya nyumbani aliyoyakosa, hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2021, akiwa amefika, katika masimulizi yake, mwaka ambao mabinti waliugua surua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na mafundi wenzake mliofunga karakana leo.

Kaka, shemeji bado anatamani kujua yaliyofuata, nasi tutamsimulia kadiri tunavyokumbuka. Lala salama.