Mlango Unaotaka Watu Wawili

Benchi lile liko mbele ya kibanda cha fundi saa, na wanaolikalia wana maneno kuliko redio. Fundi mwenyewe wanamwita Dakika, maana kwake kila kitu ni haraka, hata kahawa anaimeza ikiwa ya moto. Siku hiyo alikuwa mnyonge kabisa. Miezi mitatu alikuwa akicheza gemu na binti yake wa miaka kumi, ile ya hadithi, ya watu wawili kushirikiana. Ndio muda pekee mtoto aliokuwa akipiga naye soga. Jana yake binti aliweka pedi ya kuchezea chini, akasema, "Baba, maliza mwenyewe," akaenda zake chumbani.

— Basi si umalize? akasema Breki, dereva mstaafu.

— Haimaliziki! Mlango wa mwisho unavutwa na watu wawili kwa pamoja. Nimejaribu pedi moja mkononi, nyingine kwa vidole vya miguu. Nimeambulia kubanwa msuli.

— Umemshinda mno, akadakia Profesa, kinyozi wa jirani, mtu asiyekosa jibu. Mtoto anataka na yeye ashinde.

— Nimshinde vipi, we naye! Tuko timu moja.

— Ahaa! Hapo ndipo penye siri. Gemu hizi wanazitengeneza makusudi ziwagombanishe, ili kila mmoja anunue yake.

— Acha uongo wako, Breki akasema. Mtoto kachoka kupelekwapelekwa. Mimi nimeendesha basi miaka thelathini, abiria aliyenuna namjua hata nikiwa nimempa mgongo.

— Au wale watu wa ndani ya gemu wanamfundisha kiburi! Profesa akashusha sauti. Si wanaongea wale?

— Wanaongea? Weee! Porojo mwanzo mwisho.

— Unaona sasa! Nani anajua wanamwambia nini mtoto wa watu!

Dakika akaingiwa na hofu ya kweli. Hapo ukingoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, mgeni, aliyeleta saa yake ibadilishwe betri.

— Samahani jamani, akasema. Kwani hadithi yenyewe inahusu nini?

Wote wakamgeukia Dakika.

— Kuna... kuna mlango.

— Nyuma ya mlango kuna nani?

Mama akaendelea:

— Hao wawili mnaowachezesha wanatafuta nini?

Breki akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe chake.

— Sijui, mama, Dakika akasema polepole. Kila wakianza kuongea mimi nabonyeza, nawaruka, tusonge mbele. Binti ananiambia, "Baba, ngoja tusikie," namwambia tutachelewa.

Alipojisikia akiyasema hayo, aibu ikampanda mpaka masikioni. Miezi mitatu, bega kwa bega na mwanawe, na hajui hata walikuwa wakimtafuta nani.

Yule mama hakumcheka. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua:

— Mlikuwa mnawahi wapi?