Kitabu cha Hesabu Kilichonitoa Kwenye Kundi la Simu

Assalaam alaykum, wanawake wenzangu wa chama. Majina ya niliowakosea nnayo yote kichwani, na ya baba zao, lakini siyataji. Wengine wamo humu wanacheka.

Mnanijua. Hapa Ng'ambo nnauza vitabu vya skuli vilivyokwishatumika, vikichanika nnavishona. Kusoma kwangu ni kwa kudonoa, lakini sindano naijua. Basi vikaja vitabu vya ndani ya simu. Kijana mmoja wa mtaani akawa anaviuza, wateja wangu wakapungua. Nikamtia jicho.

Siku moja, kwenye kundi la simu la mtaa, mama mmoja akaandika: "Bibi wa vitabu kaniuzia kitabu kibovu." Watu wakadakia. Mimi kuandika siwezi, nikatuma sauti. Kumbe kanuni ya kundi inakataza sauti! Msimamizi akanitoa. Ndugu zangu, nawaambia, nikasema kanuni hii imetungwa kwa ajili yangu, na mtungaji ni yule kijana. Salamu yake nikaacha kuitikia. Mteja akija kuuliza, "Bibi, kurasa zimetimia?" nnamfukuza: "Kakutuma nani?" Wiki nzima sikuuza hata kimoja. Nikaona biashara ndiyo inazikwa.

Nikachoka. Nikenda kwa yule mama, nikapiga hodi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hebu kilete hicho kitabu."

Akakileta. "Mtoto kaulizwa hesabu, kajibu mito na milima! Nilidhani mwanangu kaharibika akili."

Nikakifunua. Katikati ya Hesabu mna kurasa za Jiografia, na uzi ni wangu, fundo ni langu. Vitabu viwili vya ukubwa mmoja nilivifumua pamoja, nikavichanganya. Cha pili nilimuuzia mtu wa Mtoni. Nikamfuata, nikavishona upya vyote viwili.

Na yule kijana? Wale niliowafukuza alikuwa akiniletea yeye, watu wasio na simu za kusomea. Nilipomwomba radhi akasema, "Bibi, salamu ulipoacha kuitikia, mimi nilidhani ni masikio yako tu yamechoka."

Namshukuru yeye, na mama aliyenifungulia mlango, na msimamizi aliyenirudisha kundini akaongeza kanuni: mwenye lalamiko aanze kwa mhusika, kitu mkononi, na wazee waruhusiwe sauti.

Simu bado siiamini, wala siwaambii muiamini. Lakini ukishamaliza kushuku watu, bakisha shaka kidogo kwa mkono wako mwenyewe. Mimi sasa kila kitabu nnakihesabu kurasa mbele ya mnunuzi. Akitaka kuhesabu tena yeye, sinuni.