Karatasi ya Rufaa Niliyojiandikia

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na baridi. Wengi mnanijua: yule wa chuo aliyepita Malangali nyumba kwa nyumba na madodoso ya sonona. Leo siulizi mtu. Leo najibu.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamivu, nikiitamani nafasi ya kufundisha iliyotangazwa chuoni. Kazi yangu ilikuwa kupima huzuni za watu. Ya kwangu niliiita uchovu. Naoga, navaa, kisha nakaa kitandani na viatu miguuni mpaka saa nne asubuhi. Mnacheka? Mnaijua, ndiyo maana.

Siku moja nilikuwa Matai, uani kwa mama mmoja aliyekuwa akipepeta ulezi. Namsomea maswali. Nilipofika "Je, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda?" sauti ikakatika.

Akaweka ungo chini. "Mwalimu, unaniuliza mimi au unajiuliza?"

"Tuendelee tu, mama."

"Hatuendelei. Lete hiyo karatasi." Akavaa miwani, akaanza swali la kwanza. "Na usidanganye. Mimi sikukudanganya."

Ndugu zangu, nawaambia, nilijibu yote. Nikajumlisha alama: zilipita kiwango. Na utaratibu niliuandika kwa mkono wangu: anayepita kiwango apewe karatasi ya rufaa kwenda kliniki siku hiyo hiyo. Nikaijaza. Jina la mgonjwa, langu. Sahihi ya mtafiti, yangu.

Mama akasema, "Hapo sasa umefanya kazi."

Kliniki wakanipa dawa, wakasema nipumzike. Nikaenda kuomba likizo. Msimamizi wangu, si mtu mbaya, akafunga mlango. "Andika vidonda vya tumbo. Kamati ya ajira ikiona sonona, nafasi imekwenda. Nani atamwamini mtafiti anayeugua anachokitafiti?"

Nikamwuliza, "Profesa, mtafiti wa malaria akiugua malaria, naye anajificha?"

Niliandika sonona. Barua akaisaini.

Nafasi nikaikosa. Sitapamba maneno hapa, iliniuma. Lakini nilitibiwa, nikarudi, nikamaliza shahada, na tasnifu yangu inaanza na karatasi ile ya Matai.

Namshukuru mama yule. Namshukuru nesi ambaye hakuniuliza hata mara moja, "Msomi mzima?" Namshukuru mdogo wangu, aliyenipikia uji wa ulezi na kusimama mlangoni mpaka kikombe kiishe: "Dada, sitoki hapa." Nanyi nawashukuru: mliponiona kwenye foleni ya dawa mkasogea kwenye benchi nikae, kama mnavyompisha mtu yeyote.

Ninachowaachia ni hiki. Ukiambiwa utaje ugonjwa mwingine ili wakuheshimu, kataa. Hakuna atakayekutibu ugonjwa uliouficha.

Nafasi nyingine imetangazwa. Fomu ina mstari wa hali ya afya. Niliujaza jana, kwa kalamu ya wino. Neno ni lile lile.